Pete ya marehemu bibi yenye jiwe la buluu: ni jiwe gani, na lina maana gani?

Mjukuu wa Ujiji (Kigoma)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote, na kwa walionizidi umri nasema shikamoo. Nina swali kuhusu kito, na ninaomba anijibu mtu anayeyajua mawe kwa kuyashika mkononi, kwa sababu maneno ya kusikia nimeshayapata mengi na yameniponza.

Bibi yangu mzaa mama alifariki mwaka jana hapa Ujiji. Miongoni mwa vitu alivyoagiza nipewe mimi ni pete ya fedha yenye jiwe la buluu iliyokoza, ambayo babu alimvisha siku ya ndoa yao. Babu alikuwa baharia katika meli ya Liemba, na kwa maelezo ya bibi aliinunua pete hiyo kwa sonara mmoja aliyekuwa na duka hapa Ujiji zamani hizo. Jiwe lina umbo la yai na ukubwa wa punje ya mahindi. Halipitishi mwanga hata nikilimulika kwa tochi kutoka nyuma; upande mmoja lina mshipa mwembamba mweupe, na ukiligeuza juani utaona vidoa vidogo vinavyometa kama dhahabu. Bibi aliliita yakuti, nasi sote nyumbani tukaliita hivyo.

Miezi miwili iliyopita niliipeleka kwa mfanyabiashara mmoja wa vito na dawa za asili, kwa kuwa meno mawili yanayolishika jiwe yamelegea. Mtu huyo hakuyatazama meno. Aliniambia kwamba jiwe hili ni la watu waliozaliwa Septemba, kwamba linashusha presha na kuondoa huzuni, na kwamba nguvu yake imezibwa na uchafu wa miaka mingi. Akanielekeza nililaze usiku kucha katika maji ya ndimu yaliyotiwa chumvi ili lisafike, kisha kila jioni nililaze katika maji safi, na mama yangu, ambaye anatumia vidonge vya presha kwa mwaka wa sita sasa, ayanywe maji hayo alfajiri na kuvipumzisha vidonge.

Agizo la kwanza nililitii. Asubuhi nilipoitoa pete, uso wa jiwe uliokuwa uking'aa ulikuwa umefifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na pale kwenye mshipa mweupe pamefanyika kijifereji ambacho nikipitisha ukucha nakihisi. Nilimrudia yule mtu, naye akasema jiwe limeshakufa, ila yuko tayari kulinunua kwa bei ndogo ili anisaidie. Sikumuuzia. Namshukuru Mungu pia kwamba sikuwa nimeanza lile agizo la pili.

Naomba kujua jiwe hili ni nini hasa, kama kweli ni yakuti, watu wa zamani walilitumia kwa shughuli gani, na maana zinazotajwa juu yake zimetoka wapi. Zaidi ya yote, naomba kujua kama nimeiharibu kabisa pete ya bibi yangu.

Sonara wa Isevya (Tabora)

Marahaba dada, na pole kwa msiba na kwa hiyo pete. Nimekaa kwenye meza ya usonara hapa Tabora kwa miaka 31, na mawe mengi ya buluu yameletwa mbele yangu kwa jina la yakuti. Kwa jinsi ulivyolieleza jiwe lako, silo yakuti. Ni lapisi lazuli, ambalo kwa Kiarabu huitwa lazaward, nasi tunalifupisha na kuliita lazuli.

Yakuti ya buluu, ile iitwayo yakuti samawi, ni fuwele ya madini ya aina moja. Kwa kawaida hupitisha mwanga, na ugumu wake ni 9 katika kipimo cha Mohs ambacho almasi ina 10. Tunayo hapa nchini, katika bonde la Umba mkoani Tanga, na kule Tunduru na Songea. Tanzanaiti, iliyogunduliwa Mirerani mwaka 1967, nayo hupitisha mwanga. Feruzi ndilo linalofanana na lazuli kwa kutopitisha mwanga, lakini buluu ya feruzi ni nyepesi na mara nyingi huelekea kijani, na mishipa yake huwa ya kahawia au myeusi. Lazuli lina tabia ya kwake. Ni mwamba, yaani mchanganyiko wa madini kadhaa yaliyoshikamana: lazuraiti ndiyo inayotoa buluu, kalisaiti ndiyo huo mshipa mweupe, na vidoa unavyoviona kama dhahabu ni pairiti, ambayo ni muungano wa chuma na salfa. Ugumu wa mchanganyiko huo ni kati ya 5 na 5.5, karibu sawa na kioo cha dirisha, kwa hiyo ni jiwe la kutunzwa na wala si la kusuguliwa.

Sasa nieleze kilichotokea kwenye ndimu. Kalisaiti ni nduguye chokaa. Mtu yeyote aliyewahi kudondoshea ndimu sakafu ya marumaru anajua alama inayobaki; ndimu ni asidi, na asidi huila kalisaiti ikatoka kwa mapovu madogo. Kijifereji unachokihisi kwa ukucha ni mahali ambapo mshipa mweupe umeliwa, na huo ukungu wa usoni umetokana na chembe za kalisaiti zilizosambaa ndani ya buluu, ambazo hazionekani kwa macho lakini nazo zimeliwa. Jiwe halikufa, dada. Limechunwa ngozi ya juu tu. Kwa upande mwingine, madhara hayo ni ushahidi unaokutetea, kwa maana kioo kilichotiwa rangi na chembe za shaba, ambacho wengi huuziwa kwa jina la lazuli, kisingeliwa na ndimu kwa namna hiyo.

Upo uigaji mwingine ambao ni vigumu zaidi kuutambua. Yapo mawe meupe au ya kijivu ya bei ndogo yanayochovywa katika rangi ya buluu, na ipo sodalaiti, jiwe halali kabisa lenye buluu nzuri, ambalo hukosa vile vidoa vya pairiti au huwa navyo kwa nadra sana. Ili ujiridhishe, chukua kijiti cha masikio chenye pamba, kilowanishe kidogo kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha iliyo na asetoni, ukisugue taratibu upande wa chini wa jiwe ambako hakuonekani, mara mbili tatu tu, kisha ukaushe. Pamba ikitoka na buluu, jiwe limepakwa rangi. Ikitoka safi, na vile vidoa vya dhahabu ukivitazama kwa kioo cha kukuzia ukavikuta vina pembe na kingo za kuvunjikavunjika, basi unayo lazuli ya kweli. Wanaoiga kwa unga wa shaba huwa na vidoa vinavyolingana mno, kana kwamba vimepimwa kwa kijiko.

Kuhusu thamani, nisikudanganye. Lazuli halifikii bei ya yakuti njema, na jiwe la ukubwa wa punje ya mahindi halitamtajirisha mtu. Lakini mtu aliyekuambia limekufa, kisha akataka kulinunua, alijua analotaka. Usiliuze kwa huzuni.

Tangu sasa usilivae ukifua, ukipika, wala ukiosha vyombo. Manukato, siki, ndimu na sabuni kali viwe mbali nalo. Usililoweke hata katika maji matupu kwa saa nyingi, kwa sababu lina vinyweleo vinavyonyonya. Kabla ya kulifuta, pulizia kwanza vumbi liondoke, kwa kuwa vumbi la barabara zetu lina mchanga wa kwatzi wenye ugumu wa 7, na ukilifuta likiwa na vumbi unalichora wewe mwenyewe. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo kinatosha.

Muuguzi wa Mwanga (Kigoma)

Ninaomba niingie hapa kwa ufupi, kwa kuwa limetajwa jambo la vidonge. Dada yangu, mama asiache dawa. Presha ya kupanda haina maumivu ya kumjulisha mtu kwamba imepanda. Wengi hujiona wazima mpaka siku wanapopata kiharusi, na nimewapokea wodini akina mama walioacha vidonge kwa sababu walijiona wamepona. Mama akiona dawa zinamletea miguu kuvimba au kizunguzungu, arudi kituo cha afya abadilishiwe, na huko apimwe. Ama maji yaliyolaza jiwe, hayashushi presha. Kama jiwe lingekuwa ni lile la kupakwa rangi, mama angekuwa anakunywa rangi ambayo hakuna anayejua imetengenezwa kwa nini.

Mwalimu wa Kasulu (Kigoma)

Nimesoma swali hili mara mbili kwa sababu linagusa jambo ninalolipenda. Sonara amemaliza upande wa jiwe lenyewe. Mimi nijaribu ule wa maana na matumizi.

Kwanza, bibi hakukosea sana kuliita yakuti. Katika Biblia ya Kiswahili, kitabu cha Ayubu sura ya 28 aya ya 6 hutaja mawe yenye yakuti samawi na mchanga wa dhahabu. Mtu akiwa na yakuti ya leo mkononi atajiuliza dhahabu hiyo iko wapi, kwa kuwa yakuti haina vumbi la dhahabu. Plinio wa Roma, aliyefariki mwaka 79, naye alieleza jiwe aliloliita kwa jina ambalo leo ni la yakuti samawi, akasema ni la buluu lenye nukta za dhahabu. Kwa hiyo wataalamu wengi wanaona kwamba jina hilo la kale lilikuwa la lazuli, kisha baadaye likahamia kwenye jiwe jingine gumu na linalopitisha mwanga. Sakafu ile inayotajwa katika Kutoka 24:10, iliyo safi kama mbingu, yaelekea waandishi wake waliifikiria kwa rangi ya jiwe kama hilo la pete yako. Bibi aliliita kwa jina lake la zamani.

Jiwe hilo halitoki huku kwetu. Chimbuko lake kubwa na la kale kuliko yote ni Sar-i Sang, katika bonde la mto Kokcha, jimbo la Badakhshan nchini Afghanistan, ambako limechimbwa kwa zaidi ya miaka 6,000. Linapatikana pia karibu na ziwa Baikal huko Urusi, na Chile, ambako mwaka 1984 lilitangazwa kuwa jiwe la taifa. Lakini katika zama za kale, karibu lazuli yote iliyofika Iraki na Misri ilitoka kwenye milima hiyo ya Badakhshan. Kutoka huko hadi Misri ni zaidi ya kilomita 3,500 hata ukipima kwa mstari ulionyooka, nao wachukuzi hawakupita kwa mstari ulionyooka.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, ilipo asili ya maana za jiwe hili, na sisi wa mikoa hii tuna bahati ya kulielewa jambo hilo kuliko wengi. Watemi wa Unyamwezi walivaa kibangwa, kile kisahani kinachokatwa kutoka kwenye kombe la baharini, kikiwa alama ya utawala. Pwani, kombe ni kombe; mtoto hulikanyaga mchangani. Lilipopandishwa bara mabegani mwa wapagazi, safari ambayo msafara wa Stanley wa mwaka 1871 uliimaliza kwa takribani miezi 3 kutoka Bagamoyo mpaka Tabora, lilifika likiwa limebeba uzito wa njia yote. Aliyelivaa alionyesha kwamba mkono wake unafika mbali. Kaniki, ile nguo ya buluu iliyoiva mpaka ikakaribia weusi, nayo ilisafiri njia hiyohiyo hadi Ujiji pamoja na shanga za kila rangi. Sasa mfikirie mfalme wa Misri aliyeletewa jiwe lenye rangi ya anga la usiku, lenye chembe kama nyota, kutoka nchi ambayo hakuna mtu wa nyumbani mwake aliyewahi kuifikia. Angeliona vipi kuwa ni jiwe tu?

Ndiyo maana Wamisri walisimulia kwamba mungu wao wa jua alipozeeka mifupa yake ilikuwa ya fedha, nyama yake ya dhahabu, na nywele zake za lazuli. Kinyago cha dhahabu cha Tutankhamun, aliyezikwa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita na ambaye kaburi lake lilifunguliwa mwaka 1922, kina nyusi na wanja wa lazuli. Kabla yake kwa zaidi ya miaka 1,000, malkia Puabi wa Uru, mji ambao wasomaji wa Biblia wanaujua kama Uru wa Wakaldayo, alizikwa na shanga nyingi za dhahabu, lazuli na akiki. Naona jambo zuri katika hilo la akiki, kwa kuwa mpaka leo wapo wazee Ujiji na Tabora wanaovaa pete za akiki, na ladha yao ya vito inafanana na ya malkia wa miaka 4,500 iliyopita.

Matumizi ya pili, ambayo kwangu ni makubwa kuliko pete, ni rangi. Jiwe lilisagwa likawa unga, unga ukakandwa pamoja na nta na utomvu na mafuta, kisha donge likakamuliwa ndani ya maji ya magadi ya majivu mpaka chembe za buluu peke yake zikashuka chini na takataka nyeupe zikabaki kwenye donge. Wazungu waliiita altramarini, neno la Kilatini lenye maana ya kitu kilichotoka ng'ambo ya bahari. Ilishindana na dhahabu kwa bei, kwa hiyo wachoraji wa makanisa waliihifadhi kwa ajili ya vazi la Bikira Maria, na waandishi wa misahafu katika nchi za Kiislamu waliiweka kando ya dhahabu kwenye kurasa za mwanzo na vichwa vya sura. Mwaka 2019 wanasayansi walichapisha habari za mwanamke aliyezikwa katika monasteri ya Dalheim nchini Ujerumani karibu miaka 1,000 iliyopita, ambaye ukoga wa meno yake ulikutwa na chembe za lazuli. Maelezo waliyoyaona kuwa na nguvu zaidi ni kwamba alikuwa mchoraji wa vitabu, na kwamba alikuwa akiilamba ncha ya brashi ili ichongoke. Hakuna kitabu kilichobaki na jina lake. Kazi yake imejulikana kwa meno.

Na hapa nataka Mjukuu wa Ujiji asikilize, maana linafika nyumbani kwao. Mwaka 1824 shirika moja la viwanda la Ufaransa liliweka zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayeitengeneza rangi hiyo bila jiwe. Jean-Baptiste Guimet alifanikiwa na kupewa zawadi mwaka 1828, na mwaka huohuo Christian Gmelin wa Ujerumani akatangaza njia yake. Viungo havikuwa vya ajabu: udongo mweupe wa kaolini, magadi, salfa na makaa, vikichomwa kwenye tanuri. Buluu yenyewe hutokana na atomi 3 za salfa zilizofungiwa pamoja ndani ya madini, iwe mlimani au tanurini. Rangi iliyokuwa ya Bikira Maria na ya misahafu ikawa ya kila mtu, na mojawapo ya kazi zake ikawa kutengenezea ile bluu ya kufulia, ambayo bibi zetu waliitia kwenye maji ya mwisho ili kanzu nyeupe ya Ijumaa isionekane ya njano. Kwa hiyo yawezekana sana kwamba bibi yako alikuwa na buluu ya aina moja kidoleni na ndani ya beseni, wala hakuna aliyemwambia.

Nimalizie na lile la Septemba, ambalo ni jepesi. Mwaka 1912 chama cha wauza vito cha Marekani kilipanga orodha ya mawe ya miezi, na lazuli likawekwa Desemba pamoja na feruzi. Mwaka 1937 wenzao wa Uingereza walipanga yao, wakaliweka Septemba pamoja na yakuti samawi. Kama mwezi ungekuwa ndani ya jiwe, wafanyabiashara wasingeupanga mezani, wala wasingetofautiana.

Mama wa Gungu (Kigoma)

Mwalimu, nimejifunza mengi katika maelezo yako na ninakushukuru, lakini kuna mahali umepita haraka. Nina pete ya akiki niliyoachiwa na marehemu baba yangu. Ninapokuwa na wasiwasi, kwa mfano mtoto akichelewa kurudi jioni, naizungusha kidoleni na moyo unatulia. Sijawahi kudai kwamba akiki inatibu. Hata hivyo ukisema maana zote zimepangwa na wafanyabiashara, unakuwa umenipokonya kitu ambacho sikukinunua kwao.

Upande wa dini yetu, nimefundishwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alivaa pete ya fedha yenye jiwe la Kihabeshi, kwa hiyo pambo lenyewe halina ubaya. Kosa huanzia pale mtu anapoitakidi kwamba jiwe ndilo linalokinga na kuponya, badala ya Mwenyezi Mungu. Mimi nauona mpaka huo waziwazi, na ninaamini Mjukuu wa Ujiji anauona.

Mwalimu wa Kasulu (Kigoma)

Mama, umenisahihisha kwa haki, na ninalipokea. Niliyazungumza maana ya jiwe kwa watu wote, nikayasahau maana ya jiwe moja kwa mtu mmoja. Anayekupa utulivu unapoizungusha pete ni baba yako, na hilo haliko katika orodha ya miezi wala katika madini. Halihitaji pia kuthibitishwa na mimi. Nilichokusudia kukipinga ni ile hatua ya kulichukua jambo hilo la moyoni na kulifanya dozi ya kunywa alfajiri, kwa sababu hapo ndipo anayeuza hupata njia ya kuingia katika huzuni ya mtu na kumtoza bei.

Niongeze jambo moja nililoliacha, kwa yeyote anayefikiria kununua lazuli mpya. Huko Badakhshan makundi yenye silaha yameyagombania machimbo, na mwaka 2016 taasisi ya Global Witness ilichapisha ripoti iliyoonyesha jinsi fedha za jiwe hilo zilivyokuwa zikiwafikia, wakiwamo Taliban. Anayenunua aulize limetoka wapi. Pete ya bibi ilifika Ujiji kabla ya hayo yote.

Mjukuu wa Ujiji (Kigoma)

Nawashukuru nyote kwa mikono miwili. Nimefanya jaribio la pamba jana jioni mbele ya mama, na pamba imetoka safi, nyeupe kama ilivyoingia. Mjomba aliazima kioo cha kukuzia kwa fundi saa, tukavitazama vile vidoa. Vina pembe, vingine vimekaa peke yake na vingine vimejikusanya karibu na mshipa mweupe, wala havilingani. Mama anaendelea na vidonge vyake, na juzi tulikwenda kupima presha.

Nilipomsomea mama ile sehemu ya bluu ya kufulia alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kanzu za babu za kusafiria bibi hakumruhusu mtu mwingine azifue, na kwamba vidole vyake vilikuwa vikibaki na buluu kwenye kucha hadi jioni. Hilo sikuwa nikilijua.

Ninaomba ushauri wa mwisho kutoka kwa Sonara. Ndugu zangu wananiambia jiwe lisuguliwe upya ling'ae kama zamani. Je, inafaa? Na nikija Tabora kwa treni, meno ya pete yanaweza kutengenezwa bila kulitoa jiwe?

Sonara wa Isevya (Tabora)

Dada, nimefurahi kwa matokeo ya pamba. Kusugua kunawezekana, lakini mimi nisingekushauri sasa. Ili kijifereji kile kiishe, itanibidi nishushe uso wote wa jiwe mpaka ulingane na sakafu yake, na jiwe la ukubwa huo likishushwa hivyo hupoteza mgongo wake wa yai na kubaki kama kibao; vidoa viwili vitatu vya dhahabu ulivyovizoea vitaondoka na vumbi, na huenda vikajitokeza vingine ambavyo bibi hakuwahi kuviona. Ukungu wa juu nitaupunguza kwa ngozi laini na poda ya kung'arishia bila kugusa umbo. Kijifereji kibaki.

Meno yatatengenezwa, ila jiwe lazima litoke kwanza. Lazuli halivumilii moto wa kulehemu. Likipata joto kali buluu yake hubadilika na jiwe hupasuka kwenye mishipa. Nitayafungua meno manne, nitaliweka jiwe kando kwenye pamba, nitayaongezea fedha yale mawili yaliyolika, kisha nitalirudisha na kuyakunja kwa mkono. Ni kazi ya siku moja ikiwa umefika asubuhi, na utakaa hapohapo kwenye benchi ukiona kila hatua, kwa sababu jiwe la marehemu halifai kulala mahali ambapo mwenyewe hayupo.

Kama ungependa ikae kwenye kidole chako badala ya kuwa kubwa kama ilivyokuwa kwa bibi, zungusha uzi kwenye fundo la kidole utakachoivalia wakati wa mchana, kwa kuwa asubuhi na usiku vidole hubadilika, kata uzi pale unapokutana, na uje nao. Pete yenyewe uifunge peke yake katika kitambaa laini cha pamba, isikae pamoja na funguo wala sarafu, na uiweke kwenye mkoba wa mkononi badala ya begi la kupakia juu.